Mpira Uliotolewa Upepo: Timu za Vyuo vya Marekani na Ahadi ya Elimu

Kwa miaka mingi John Thompson, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown jijini Washington, aliweka ofisini kwake mpira mmoja ambao haukudunda. Ulikuwa umetolewa upepo. Aliuweka makusudi, ili kila kijana aliyesajiliwa chuoni kwa urefu wa kimo na wepesi wa mikono aone kwa macho yake kwamba iko siku mpira utaisha upepo, na siku hiyo atabaki na kile alichokiweka kichwani. Thompson hakuwa mtu wa kudharau ushindi. Mwaka 1984 timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa, naye akawa kocha wa kwanza mweusi kuufikia katika daraja la juu la kikapu cha vyuo. Lakini ilikuwapo hesabu nyingine aliyojivunia: kati ya wachezaji waliokaa naye miaka yote minne, takriban asilimia 97 walihitimu. Mmoja wao alikuwa Dikembe Mutombo, kijana wa Kinshasa aliyefika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani akitaka kuwa daktari. Aliingizwa kwenye timu, akabadili masomo, na mwaka 1991 akaondoka na shahada ya isimu na diplomasia, kisha akacheza NBA misimu 18. Udaktari hakuusomea, lakini alijenga hospitali kubwa mjini Kinshasa na kuipa jina la mama yake.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia habari ya timu ya chuo huwaza wanafunzi waliokusanyika kiwanjani jioni baada ya vipindi, jezi za kuchangishana, na michezo ya vyuo inayoandaliwa na vyama kama TUSA kwa Tanzania na KUSF kwa Kenya. Marekani mambo ni mengine. Huko idara ya michezo ya chuo kikubwa ina mkurugenzi wake, madaktari wake, walimu wake wa masomo ya ziada na bajeti inayoweza kupita dola milioni 100 kwa mwaka. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watazamaji 107,601, wakati Uwanja wa Benjamin Mkapa, fahari ya Tanzania, una nafasi 60,000. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa chuo, naye humwacha mbali gavana. Chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo hiyo, NCAA, kina vyuo wanachama wapatao 1,100 na wanamichezo zaidi ya 500,000, waliogawanywa katika madaraja matatu. Michezo inayoingiza fedha nyingi ni miwili tu, soka ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume. Wanamichezo waliobaki wanakimbia, wanaogelea, wanapiga makasia na kushindana mieleka, mara nyingi mbele ya wazazi na marafiki wachache.

Shughuli kubwa kiasi hiki inaweza kupimwa kwa njia nyingi: makombe, mapato, umaarufu, medali za Olimpiki. Mimi naamini kipimo cha kwanza ni kingine. Chuo kinapomwita kijana aje akichezee na kumwahidi elimu kama malipo ya jasho lake, kinaingia deni. Ahadi ni deni, walisema wahenga, na wakaongeza kwamba dawa ya deni ni kulipa. Timu ya chuo ina haki ya kuitwa ya chuo pale tu deni hilo linapolipwa kwa ukamilifu, yaani mwanamichezo anapoondoka na elimu ya kweli, awe ameshinda au ameshindwa. Ushahidi wa jambo hili unatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa tangu miaka ya 1970 wakimbiaji wetu wamekuwa miongoni mwa waliouitikia mwito huo, na kwa wengi wao elimu ndiyo malipo pekee waliyoweza kuyatarajia.

Kwanza tuondoe dhana kwamba michezo ya vyuo ilianza kwa usafi na fedha ikaja kuichafua baadaye. Shindano la kwanza kati ya vyuo viwili vya Marekani, mbio za makasia baina ya Harvard na Yale mwaka 1852, liligharimiwa na kampuni ya reli iliyotaka abiria waende kwenye ziwa la Winnipesaukee huko New Hampshire. Mwaka 1869 Rutgers na Princeton walicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya soka ya vyuo, na kabla karne haijaisha mchezo huo ulikuwa unajaza viwanja na kuvunja mifupa. Kufikia mwaka 1905 vijana wengi walikuwa wamekufa kwa majeraha ya uwanjani, hata Rais Theodore Roosevelt akawaita viongozi wa vyuo vikubwa Ikulu kujadili usalama wa mchezo. Kutokana na msukosuko huo, mwaka uliofuata kiliundwa chama ambacho baadaye kiliitwa NCAA. Kwa hiyo fedha, umaarufu na hatari vilikuwapo tangu mwanzo. Kilichokuwa kikibadilika kizazi baada ya kizazi ni jibu la swali moja: anayecheza anapata nini?

Jibu rasmi lilitungwa katika miaka ya 1950. Mchezaji mmoja wa chuo huko Colorado alifariki kwa jeraha la uwanjani mwaka 1955, na mjane wake akadai fidia kama inavyolipwa familia ya mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilimnyima. Katika kipindi hicho NCAA, chini ya mtendaji wake mkuu Walter Byers, ilisambaza neno la kumwita mchezaji mwanafunzi-mwanamichezo, na Byers mwenyewe alikuja kueleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba neno hilo lilikuwa ngao dhidi ya madai ya kumhesabu mchezaji kuwa mwajiriwa. Ujumbe wake ulikuwa wazi: huyu halipwi mshahara, analipwa elimu. Basi hata kama ahadi hiyo ilizaliwa na woga wa mawakili, ilitamkwa, ikaandikwa katika kanuni, na maelfu ya familia zikaiamini. Hapo ndipo ilipogeuka deni. Na wadeni walianza mapema kutafuta mwanya. Mwaka 1973 NCAA iliamua kwamba ufadhili wa mwanamichezo utolewe kwa mwaka mmoja mmoja. Kocha asiyeridhika na kasi ya kijana aliweza kuuacha ufadhili ufe mwisho wa mwaka, na masomo ya kijana yakafa nao. Ruhusa ya kutoa ufadhili wa miaka kadhaa ilirejea mwaka 2012, karibu miaka 40 baadaye.

Wakimbiaji wetu waliingia katika mfumo huo kwa sababu za hesabu. Katika mbio za nyika timu hupata pointi kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji wake watano wa kwanza, na inayopata jumla ndogo zaidi ndiyo mshindi. Kocha wa chuo kidogo, kilicho mbali na miji mikubwa na kisichoweza kugombania nyota wa Kimarekani, aligundua kwamba vijana watano kutoka nyanda za juu za Kenya na Tanzania wangeweza kumpa ubingwa wa taifa. LeRoy Walker wa Chuo Kikuu cha North Carolina Central, chuo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, aliwafundisha Julius Sang na Robert Ouko, ambao mwaka 1972 walikuwa sehemu ya kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne katika Olimpiki ya Munich. Katika mji mdogo wa Pullman, katikati ya mashamba ya ngano, Chuo Kikuu cha Washington State kilimpata Samson Kimobwa, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977, kisha Henry Rono, aliyeivunja tena mwaka uliofuata. Huko El Paso, mpakani na Mexico, Chuo Kikuu cha Texas kilitawala mbio za nyika, na mwaka 1981 kikashinda kwa pointi 17, wakati jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 15. Huko ndiko alikosoma Mtanzania Suleiman Nyambui. Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow mwaka 1980: moja ni ya Filbert Bayi katika mbio za kuruka viunzi na maji, na ya pili, ya mita 5,000, ni ya Nyambui, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo.

Sasa tuwaangalie wanaume wawili wa kizazi hicho, wote Wakenya, wote wenye vipaji vikubwa. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, kuanzia mita 3,000 hadi mita 10,000, pamoja na kuruka viunzi na maji. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Lakini Kenya iligomea Olimpiki za mwaka 1976 na 1980, kwa hiyo hakupata kamwe jukwaa la kupandia, na baada ya miaka ya kukimbia alipambana kwa muda mrefu na ulevi na ufukara, mambo aliyoyaandika mwenyewe bila kujificha kabla ya kufariki mwaka 2024. Mike Boit alipata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, naye pia akakosa Olimpiki kwa mgomo wa mwaka 1976. Rekodi zake hazikufikia za Rono. Yeye alianza katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, akaendelea hadi Stanford, kisha akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi nyumbani akawa Kamishna wa Michezo wa Kenya na profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Siwalinganishi ili kumlaumu aliyeanguka. Ulevi ni ugonjwa, na shahada haimkingi mtu na kila balaa. Nawalinganisha kwa sababu chuo hakiwezi kumwahidi mtu afya, bahati wala amani ya dunia. Kinachoweza kuahidi na kukitoa ni elimu, na maisha ya Boit yanaonyesha jinsi kitu hicho kimoja kinavyoendelea kuzaa matunda miaka 40 baada ya miguu kuchoka.

Kwa wanawake deni hili lilichelewa hata kutambuliwa. Kabla ya mwaka 1972 wanawake waliochezea timu za vyuo vya Marekani walikuwa chini ya 30,000 nchi nzima. Mwaka huo Bunge lilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na michezo ikaingia humo. Leo wanawake hao wamepita 200,000. Mlango uliofunguliwa na sheria hiyo ya Wamarekani ulipitiwa baadaye na binti wa Kenya, Sally Kipyego, aliyeanzia chuo kidogo cha South Plains, kisha akahamia Texas Tech na kushinda mataji tisa ya NCAA, likiwemo la mbio za nyika mara tatu mfululizo. Huku akikimbia alisomea uuguzi na kuhitimu, na mwaka 2012 akapata fedha ya mita 10,000 katika Olimpiki ya London. Aliyewahi kuona ratiba ya mwanafunzi wa uuguzi, yenye zamu za wodini na mitihani ya kila wiki, ataelewa uzito wa jambo hilo. Mwezi Juni 2025 Doris Lemngole, Mkenya anayesoma Chuo Kikuu cha Alabama, alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa kike wa vyuo hivyo kukimbia mita 3,000 za viunzi na maji chini ya dakika tisa. Mlango bado uko wazi.

Lakini haki haikutendeka kila mahali, na anayetaka kuutetea mfumo huu kwa moyo safi lazima aseme pale ulipooza. Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill ni miongoni mwa vyuo vya umma vinavyoheshimika sana Marekani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa takriban miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100 walipewa alama katika masomo yasiyo na vipindi wala mwalimu, ambako kazi nzima ilikuwa insha moja iliyosahihishwa kwa ukarimu. Karibu nusu yao walikuwa wanamichezo, na washauri wao wa masomo waliwaelekeza humo ili wabaki na sifa za kucheza. Mwaka 2017 NCAA ilisema haikuweza kukiadhibu chuo kwa hilo, kwa kuwa masomo hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wengine pia. Hebu tafakari. Chuo kilikuwa kimelipa deni lake kwa noti bandia, na msimamizi akajibu kwamba noti hizo ziligawiwa watu wote. Kuna pia wizi wa muda. Kanuni inasema mazoezi yasizidi saa 20 kwa wiki, lakini safari, matibabu na mazoezi yanayoitwa ya hiari havihesabiwi, na mwanafunzi aliyetaka uhandisi huambiwa achague somo jepesi kwa kuwa maabara inagongana na mazoezi. Walioumia zaidi ni vijana weusi wa Kimarekani wa soka na kikapu, ambao ndio wanaojaza viwanja na kwa muda mrefu wamehitimu kwa kiwango cha chini kuliko wenzao.

Hapa ndipo linapoibuka pingamizi lenye nguvu kuliko yote: kama elimu inatumika kama kisingizio, si bora waachane na hadithi hiyo na kuwalipa wachezaji fedha taslimu? Mahakama za Marekani zimeelekea huko. Mwezi Juni 2021 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja ya majaji tisa, iliamua kwamba NCAA haiwezi kuweka mipaka ya pamoja juu ya marupurupu ya kielimu ambayo vyuo vinataka kuwapa wachezaji. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, wachezaji wakaruhusiwa kupokea fedha za matangazo kwa majina na sura zao. Mwezi Juni 2025 jaji wa California aliidhinisha suluhu ya kesi iliyotaka takriban dola bilioni 2.8 zilipwe wachezaji wa miaka iliyopita, na kuanzia msimu wa 2025 na 2026 kila chuo kikaruhusiwa kugawia wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Nakubali kwamba hili ni haki. Mtu akijaza uwanja wa watu laki moja, si haki fedha zote ziishie kwa kocha na wajenzi wa majukwaa. Tena kipo kipaji ambacho soko lake haliwezi kungoja: Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya miaka mitatu na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, na hakuna mwenye busara atakayemwambia kijana akatae nafasi ya namna hiyo.

Hata hivyo fedha haifuti deni la elimu. Wanaopanda kutoka vyuoni kwenda kuchezea klabu za kulipwa katika soka ya Kimarekani na kikapu ni chini ya asilimia 2. Hao wengine, ambao ni karibu wote, watafanya kazi nyingine maishani, na fedha ya misimu mitatu haiwezi kuwalisha miaka 40. Isitoshe, fedha yenyewe inaufuata umaarufu: sehemu kubwa kabisa ya mgao mpya inakwenda kwa wachezaji wa soka na kikapu cha wanaume, huku mkimbiaji wa nyika akiambulia makombo au asipate kitu. Hatari ninayoiona ni kwamba chuo kitahesabu hundi kuwa malipo kamili na kuacha kujali kama kijana anaingia darasani. Kijana naye, akihama kila mwaka kufuata chuo kinachopanda dau, atajikuta amepita vyuo vitatu bila kukusanya masomo ya kutosha shahada moja. Mwenye haki ya vitu viwili asilazimishwe kuchagua kimoja.

Na kwa vijana wetu hata uchaguzi huo haupo. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, na sheria ya uhamiaji inambana asifanye kazi nje ya chuo bila kibali maalumu. Mwenzake Mmarekani anaweza kusaini mkataba wa kutangaza viatu leo asubuhi. Mkenya anayekimbia mbele yake akifanya hivyo katika ardhi ya Marekani anaweza kuhatarisha viza yake. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Chuo Kikuu cha Oregon kati ya mwaka 2013 na 2017, idadi ambayo hakuna mwanamume mwingine aliyeifikia katika riadha ya vyuo, wakati ambapo hakuna aliyeruhusiwa kulipwa. Sheria zimebadilika tangu hapo, lakini kijana mwenye viza kama yake bado hali meza moja na wenzake. Analipwa ada, chakula, malazi na masomo, mambo ambayo kwa mwanafunzi anayetoka nje mara nyingi hugharimu zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Elimu hiyo ikiwa duni, basi amekimbia bure.

Wapo Wamarekani wanaosema wageni hawa wanachukua nafasi za watoto wa walipa kodi. Malalamiko hayo yalisikika tangu enzi za Pullman na El Paso, na sasa yameongezeka, kwa sababu suluhu ya mwaka 2025 imeweka ukomo wa idadi ya wanamichezo kwa vyuo vilivyojiunga nayo: 17 katika timu ya mbio za nyika, 45 katika riadha ya uwanjani. Hoja hiyo haistahili kubezwa. Nafasi ni chache na kila mzazi humpigania wake. Lakini vyuo hivyo hivyo hupokea watafiti na wanafunzi wa fizikia kutoka pembe zote za dunia, na hakuna anayeona ajabu, kwa maana chuo kikuu ni mahali pa kukutania walio bora. Mkimbiaji wa Nandi anayesoma kweli ni mwanafunzi kama hao wa fizikia. Asiyesoma ni mamluki, na hapo mlalamikaji anakuwa na haki. Kwa hiyo hata pingamizi hili linaturudisha pale pale: uhalali wa mgeni kwenye timu unatokana na darasa analoingia.

Upande wa huku kwetu nako kuna lawama, kwamba vyuo vya Marekani vinatunyang'anya vipaji. Bernard Lagat alisoma Washington State, akaiwakilisha Kenya, kisha mwaka 2007 akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 1,500 na 5,000 akiwa na jezi ya Marekani. Paul Chelimo alipitia Chuo Kikuu cha North Carolina huko Greensboro na jeshi la Marekani kabla ya kupata medali ya fedha ya Rio mwaka 2016 kwa nchi hiyo hiyo. Kipyego naye alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Tokyo kama Mmarekani. Uchungu huo unaeleweka. Ila tuhesabu na waliorudi na walichokileta. Boit alirudi na uprofesa. Nyambui alikuja kuwa Katibu Mkuu wa chama cha riadha Tanzania. Mwaka 1988 mjini Seoul, Paul Ereng wa Chuo Kikuu cha Virginia alishinda mita 800 na Peter Rono wa chuo kidogo cha Mount St. Mary's akashinda mita 1,500, na bendera iliyopandishwa mara zote mbili ilikuwa ya Kenya. Aidha, kijana wa kijijini asiyekuwa na ada hakuwa na chuo cha nyumbani kilichomsubiri akanyang'anywa; Marekani ilimpa nafasi ambayo hapakuwa na mwingine wa kumpa. Anayetaka abaki amjengee sababu ya kubaki.

Sababu hiyo inaweza kujengwa, na haihitaji uwanja wa watu laki moja. Vyuo vyetu havina haja ya kuiga mishahara ya makocha wala mikataba ya televisheni ya Marekani, ambayo ndiyo iliyowaletea wao mahakama na kashfa. Jambo la kuiga ni lile lililofanya kazi tangu siku za LeRoy Walker: nafasi chache za masomo zenye malipo kamili, kwa vijana wenye kipaji na alama za kutosha, pamoja na mwalimu wa kuwafuatilia darasani na ratiba ya mitihani inayotambua kwamba mwanafunzi alikuwa mashindanoni. Chuo kimoja kikianza na wakimbiaji kumi na wote kumi wakahitimu, kitakuwa kimefanya jambo ambalo baadhi ya vyuo vyenye mabilioni vimeshindwa kulifanya.

Mpaka siku hiyo ifike, mawakala na makocha wataendelea kuja Iten, Eldoret na Arusha wakiwa na saa ya kupimia kasi, na vijana wataendelea kuondoka. Mzazi anayekabidhiwa karatasi ya ufadhili aisome kama anavyosoma hati ya shamba. Aulize ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote. Mtoto akiumia mguu ataendelea kusoma au atarudishwa. Amepangiwa somo gani, na nani alilichagua. Na kati ya wakimbiaji waliotoka kwetu kwenda chuo hicho kabla yake, wangapi walivaa joho. Kocha mwenye nia njema atajibu maswali hayo kwa furaha, kwa kuwa ndiyo yaliyofanya Thompson autoe mpira upepo na kuuweka mahali ambapo kila mchezaji wake angeuona. Kocha atakayekwepa swali la joho na kurudia habari za kasi amekwisha kujibu, na mzazi ana haki ya kumrudishia karatasi yake.